Jibu: Modeli inabashiri vizuri kwenye mafunzo, ikipewa viungo vipya vya boriti na nguzo inapotea

Habari za Moshi, mkuu. Nimekuelewa hivi: umefundisha modeli ya kompyuta kubashiri nguvu ya mkato ya kiungo cha boriti na nguzo (pale boriti inapokutana na nguzo), R mraba, yaani kipimo cha ubashiri ambapo 1 ni kamili, ni 0.97, lakini ukiipa majaribio mapya inakosea vibaya. Faili lako sijaliona, ila ningeanza na jinsi ulivyogawa data.

Mtafiti mmoja huvunja sampuli nyingi zinazofanana, akibadilisha kitu kimoja tu, mfano ringi (vyuma vinavyofunga nondo). Ukizichanganya ovyo, ndugu wa sampuli ya mtihani wanabaki kwenye mafunzo, na modeli inakariri. Gawa kwa mtafiti: kundi zima la mtu mmoja likae upande mmoja. R mraba itashuka, lakini hiyo ndiyo ya kuaminika.

Pili, na hapa wengi hawaangalii, soma kila sampuli ilishindwa wapi. Kama nondo za boriti zilinyumbuka, yaani zilivutika zisirudi tena, na kiungo kikabaki kizima, namba iliyorekodiwa ni uwezo wa boriti. Kiungo hakikufika mwisho wake. Ondoa hizo.

Halafu nguvu ya zege. Kuipima, huku Arusha tunavunja kyubu (mchemraba wa zege), Marekani wanavunja silinda, na silinda husoma kama 0.8 ya kyubu kwa zege la kawaida. Badilisha zote ziwe kwenye kipimo cha silinda.

Mwisho linganisha na fomula ya ACI 318, kanuni ya Marekani ya ujenzi wa zege, inayotegemea kipeuo cha pili cha nguvu ya zege. Modeli isipoishinda hiyo kwenye data ngeni, usiipeleke kwenye jengo la watu.