XETV ni stesheni ya Meksiko

Je, stesheni ya televisheni XETV chaneli 6 ilikuwa ya San Diego, Marekani? Hapana, haikuwa ya huko, ingawa ilitangaza kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Leseni na mnara vilikuwa Tijuana, Meksiko. Ilianza kurusha matangazo mwaka 1953. Herufi XE ndizo zinazoitambulisha: stesheni za Meksiko huanza na X, za magharibi mwa Marekani na K.

Wengi walichanganyikiwa kwa sababu ilirusha vipindi vya mitandao ya televisheni ya Marekani: ABC hadi 1973, kisha Fox tangu 1986, halafu CW kuanzia 2008. ABC iliondoka baada ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kufuta kibali cha kupeleka vipindi vyake kwenye stesheni ya kigeni. Matangazo ya Kiingereza yalikoma 2017, lakini stesheni yenyewe haikufungwa.