Je, anyimwe dawa siku aliyokunywa pombe?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, anaugua skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo) na ameandikiwa olanzapini, dawa ya kuutuliza, kila usiku. Ijumaa hadi Jumapili hunywa gongo. Tuliambiwa dawa haichanganywi na pombe, kwa hiyo siku hizo tunamnyima kidonge. Sasa sauti zimerudi. Je, tubadilishe dawa? Kuna mtu pia anatuuzia unga wa kumwachisha pombe, wa kutia kwenye chai bila yeye kujua. (Dada, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, kabla ya kuilaumu dawa, hesabu vidonge. Mdogo wako anakosa dozi 3 kati ya 7 kila wiki, na kwa mtindo huo hata dawa mpya haitazizuia sauti.

Agizo hilo la kutochanganya hunichosha kwa sababu nusu yake ni kweli. Olanzapini na pombe vyote huleta usingizi na kushusha presha, na mtu akisimama ghafla anaweza kuanguka. Lakini olanzapini huchukua takriban saa 30 kupungua nusu tu mwilini, hivyo kidonge cha Alhamisi usiku bado kimo katika damu anapoinua kikombe cha kwanza cha Ijumaa. Mchanganyiko hamkuuzuia, mlichoondoa ni kinga, pombe ikabaki. Apewe dawa kila usiku kama alivyoandikiwa, isipokuwa amelewa kiasi cha kutoamka akiitwa: hapo asimezeshwe chochote, alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Daktari wake aelezwe bila kuficha anakunywa kiasi gani, kwani huenda akaona afadhali sindano ya fulufenazini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, ambayo hudungwa kila baada ya wiki 2 hadi 5.

Unga huo msiuguse. Usio na lebo unaweza kuwa na chochote, ikiwemo disulfiramu, dawa halali ya kuachisha pombe ambayo hutolewa kwa mtu aliyeelezwa na kukubali, maana akinywa pombe juu yake uso huwaka, moyo huenda mbio, hutapika, na presha inaweza kuanguka hadi kuua. Zaidi ya hayo, yenyewe inaweza kuchochea sauti na shuku. Na mgonjwa ambaye tayari anaamini kuwa anawekewa sumu, siku atakapoona chembe nyeupe chini ya kikombe cha chai, nani atamshawishi tena ameze kidonge?

Wapo pia wanaowafungia ndani wagonjwa wanywao kila siku ili "pombe iwatoke". Anayekatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa. Nyumbani husemwa ugonjwa umepanda, akaongezewa klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili ambayo yenyewe hurahisisha degedege, wakati anachohitaji ni diazepamu (dawa ya kutuliza na kuzuia degedege) na vitamini B1 chini ya uangalizi wa hospitali. Anayetetemeka, anayetoka jasho na kukamata wadudu wasiokuwepo ukutani apelekwe usiku huohuo, asingojewe kupambazuke.