Hisa: ninunue lini, niuze lini?

Maswali ya wiki hii karibu yote yanaulizia siku. Siku siijui, lakini mengine nitajibu.

Nauza vitunguu Kongowea. Nina 60,000 za kununulia hisa, ila naona bei zimepanda. Ningoje zishuke?

Ndugu yangu, kitunguu kikikawia kwenye gunia kinachipua, ndiyo maana umezoea kuvizia bei. Hisa haiozi, inayooza ni kampuni. Basi anza na kampuni. Ukisharidhika nayo, gawa pesa mafungu sita, ununue fungu moja kila mwezi, bei iwe juu iwe chini. Tangu Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi linakuruhusu kununua hata hisa moja. Zamani ilikuwa uanzie 100. Lakini usizikatekate mno, dalali naye ana ada yake, ukinunua na ukiuza.

Nina hisa za Safaricom tangu 2008. Zilipopita 40 nilikataa kuuza, zikaporomoka. Mume wangu ananilaumu mpaka leo. — Mama, Likoni

Mpe baba watoto asome hapa. Mlinunua kwa shilingi 5. Mwaka uliofuata zilikuwa chini ya 3 na watu wengi walizitupa, wewe ukakaa. Mwaka 2021 zikapita 40, na 2023 zikarudi mpaka karibu 12. Hata huko chini bado ni zaidi ya mara mbili ya pesa zenu, na gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, la miaka yote hiyo sijalihesabu. Kilele umekikosa, sawa, lakini kilele hujulikana kikishapita.

Ninalotaka kukuuliza ni hili: ulizishika kwa nini? Kama ni kwa kuwa pale kivukoni unaona kila mtu, hadi muuza mihogo, analipwa kwa M-Pesa, hiyo ni sababu, na hesabu za kampuni zikitoka unaweza kuipima. Kama ni kwa kuwa "Safaricom haiwezi kuanguka", huo ni ubishi tu. Chukua karatasi, andika mistari miwili: nashika kwa sababu hii; nitauza nikiona hili. Kwa mfano, gawio likipunguzwa miaka miwili mfululizo. Mume wako atie sahihi, ili lawama ziishe! Na karo ikibana, uza sehemu bila kujilaumu. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi kodi. Gawio ndilo hukatwa asilimia 5.

Nikope kwa simu ninunue hisa, nilipe zikipanda mwisho wa mwezi? — Kijana, Changamwe

Hapana, mdogo wangu. Deni lina tarehe, hisa haina.

Kuna hisa ilikuwa 20, sasa 2. Si ni kama bure?

Waulize walionunua Mumias, kampuni ya sukari. Iliingia sokoni 2001 kwa shilingi 6.25, ikapanda sana, kisha ikaanza kuteremka, na kila ngazi kulikuwa na mtu anayesema sasa ni rahisi. Mwaka 2019 ilisimamishwa ikiwa inauzwa kwa senti, na ukisimamishiwa hisa huna pa kuiuza. Kwanza soma deni la kampuni, ndipo uangalie bei.

Binamu yangu ni karani kampuni fulani, anasema itanunuliwa karibuni. Niwahi? — Nyali

Tuanze na jirani zetu wa Bamburi. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ilitangaza kuinunua Bamburi Cement kwa shilingi 65 kwa hisa. Akatokea mnunuzi wa pili na ofa ya 70, na watu wakajiambia wangoje, huenda ikapanda tena. Yule wa pili akajiondoa. Waliolipwa walilipwa 65. Hayo yote yalikuwa magazetini, hadharani, na bado wengi waliteleza. Sembuse neno la jikoni kwa binamu?

Halafu, kununua kwa siri uliyopenyezewa kutoka ndani ya kampuni ni kosa la jinai. Mwambie binamu yako gereza la Shimo la Tewa si mbali na Nyali.