Binti yangu anaenda kufuga mbu, nimruhusu?

SWALI: Tunaishi Mlimba. Binti yangu kamaliza stashahada ya maabara, kapata kibarua Ifakara, na kazi yenyewe ni kufuga mbu. Baba yake amenuna: tumemsomesha akafuge tunaowaua? Majirani nao wanasema mbu watalishwa damu yake, arudi na malaria. Nimruhusu?
Mama wa binti

JIBU: Shikamoo mama. Mimi nafuga mbu mwaka wa 9 huu, na nyumbani nalala ndani ya chandarua kama wewe.

Mbu hazaliwi na malaria. Huipata kwa kunyonya damu ya mgonjwa, na hata hapo zinapita kama siku 10 hadi 14 kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Wa kufugwa wamezaliwa humo humo maabara, na mama zao vilevile. Wanaoambukizwa makusudi kwa utafiti hukaa chumba chao, na mgeni wa kazi hafiki huko.

Damu wanakula majike tu, wapate kutunga mayai. Dume maisha yake yote ni maji ya sukari kwenye pamba. Maabara nyingi huwapa majike damu ya ng'ombe iliyopashwa moto, wakainyonya kupitia utando mwembamba. Zipo ambako mtu huingiza mkono kizimbani, ila kwa hiari, na baada ya kupimwa malaria. Binti aulize kabla ya kusaini mkataba, na akitaka kukataa akatae.

Jasho lenyewe liko kwa viluwiluwi. Chumba kina joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, unatoka umelowa kama mpishi wa pilau la harusi. Chakula chao ni cha samaki, kilichosagwa, unakidokoa kwa ncha ya kijiko. Ukizidisha, maji yanatanda ukungu na kesho yake beseni zima limekufa. Halafu kuna pupa, yaani viluwiluwi walio karibu kugeuka mbu, wamejikunja kama alama ya mkato: unawafyonza kwa pipeti, mmoja mmoja, mamia, na Idi wala Krismasi hawaijui.

Baba yake mwambie hivi: dawa ya vyandarua hujaribiwa kwa mbu hawa hawa. Tunawafunika watano juu ya kipande cha chandarua kwa dakika 3, tunawahesabu waliokufa baada ya saa 24. Hapo Kilombero mbu aina ya funestus ameshazoea dawa za siku nyingi. Bila vipimo hivyo tungejuaje?

Mimi nimewahi kuua kizimba kizima. Asubuhi nilitundika chandarua kipya nyumbani, nikanawa haraka haraka, nikaja kutia mkono ndani. Saa nne wote chali. Msimamizi hakunigombeza, alinipa sabuni tu, na nililia chooni.

Mruhusu, mama. Mfungie taulo dogo la jasho, na manukato ayaache Mlimba.