Ukiona SSSS kwenye boding pasi yako, usibishane na mtu wa getini

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Unguja anayesoma Marekani. "Kaka shikamoo," ameandika, "kila nikitoka likizo kurudi chuo wananitoa kwenye foleni. Wananipangusa mikono na kile kitambaa chao, wanafungua begi mpaka soksi. Wenzangu wameanza kunitania. Kuna mtu kaniambia ninyoe ndevu na nibadilishe jina. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Jina lako silitaji, ila ni lile ambalo mtu akisimama Darajani asubuhi akaliita, wanaume kumi watageuka. Langu nalo ni hivyohivyo. Mimi ni Mohamed, baba yangu Ali, mtoto wa Tanga, na kwa muda mrefu boding pasi zangu za kuingia Marekani zilikuwa zinatoka na herufi nne: SSSS, alama ya kwamba abiria huyu apekuliwe zaidi. Nakujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma mnatafuta yaleyale niliyoyatafuta mimi: kazi ya kukupandisha ndege, karatasi za kudumu, wazazi waje waone ulipofikia. Yote hayo nimeyapata, namshukuru Mungu. Lakini zile S nne zilinitoa jasho kuliko hata mahojiano ya viza.

Dalili ya kwanza huipati uwanjani. Unaipata usiku wa kuamkia safari, unapotaka kutoa boding pasi kwenye simu, programu inakukatalia na kukwambia nenda kaunta. Kaunta nako dada anabofya, anakunja uso, ananyanyua simu, anasoma namba ya pasipoti yako kwa sauti ya chini kama anayesoma majibu ya hospitali. Wewe umesimama, unatabasamu. Nyuma yako foleni inakua na watu wanaanza kukutazama.

Sasa nieleze la baba mkwe.

Tulimwalika aje kumwona mjukuu. Mzee ni mwalimu mkuu mstaafu wa Korogwe, hajawahi kupanda ndege, amevaa suti yake ya kaunda iliyonyooshwa pasi mpaka inakata. Nilimfuata Dar nimsindikize, na njia nzima namwambia asiwe na wasiwasi, mkwewe anaijua safari hii. Tulipofika uwanja wa kubadilishia ndege, kwenye geti la ndege ya Marekani, yeye akapita. Mimi nikaitwa kwenye kipaza sauti, jina lote mpaka la babu, nusu ya abiria wakageuka. Nikapelekwa nyuma ya pazia. Viatu, mkanda, saa. Kompyuta iwashwe waone inawaka. Kitambaa kikapita viganjani, kwenye zipu za begi, kikaingizwa kwenye mashine inayotafuta chembe za baruti. Huko nje mzee amebaki na mikoba yetu yote miwili, hajui asonge mbele au arudi alikotoka.

Nilipotoka nimeshika mkanda mkononi, hakusema kitu. Tukapaa. Ni baada ya chakula ndipo aliponiinamia sikioni.

"Mwanangu, una kesi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Niambie tu. Kama ni deni, familia tutachanga."

Nilimweleza mpaka ndege inatua. Akaitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia wazazi wanapoamua kutokubishia mbele za watu. Siku chache baadaye nikamsikia sebuleni akiongea na simu ya nyumbani: "Kijana ni mzuri, anawatunza vizuri, ila huku wanamtafuta." Nimepandishwa cheo mara kadhaa tangu siku ile, na bado sentensi hiyo inaniuma nikiikumbuka.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini nisome jambo hili linavyokwenda. Yule mtu wa getini hajakuchagua yeye. Zamani kila shirika la ndege lilikuwa linalinganisha lenyewe majina ya abiria wake na orodha za serikali ya Marekani, kila moja kwa mtindo wake, na vurugu ilikuwa kubwa. Kufikia mwisho wa 2010 kazi hiyo yote ilikuwa imehamia TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, kupitia mpango unaoitwa Secure Flight. Ukikata tiketi, jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vinatumwa huko. Vinalinganishwa na orodha zinazotokana na kituo kinachosimamiwa na FBI tangu 2003. Ipo orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege kabisa, na ipo ya wanaoruhusiwa ila wapekuliwe zaidi. Jibu linarudi kwa shirika kabla boding pasi haijachapwa. Wapo pia wanaopata SSSS kwa bahati nasibu tu, basi ikikutokea mara moja usianze kuandika wosia. Ikikufuata kila safari, hapo kuna jambo. Kumgombeza mtu wa getini ni kumgombeza karani aliyepiga chapa barua ya kukufukuza kazi.

Na msidhani ni sisi tu. Mwaka 2004 Seneta Ted Kennedy, Kennedy wa ukoo uleule mnaoujua, alisimulia kwenye kikao cha Seneti jinsi alivyozuiwa viwanjani kwa sababu jina lake limefanana na jina kwenye orodha. Ilimchukua wiki kadhaa kusafishwa, na yeye ni mtu wa kumpigia simu waziri. Mandela na wenzake wa ANC walikuwa bado wanahitaji kibali maalumu kuingia Marekani mpaka 2008, Bush aliposaini sheria ya kuwaondoa kwenye vikwazo vya ugaidi. Mwezi huohuo Mandela alitimiza miaka 90! Lakini linalonikaa zaidi rohoni ni la Rahinah Ibrahim, mama wa Kimalaysia aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa Stanford. Mwaka 2005 alifungwa pingu kwenye uwanja wa San Francisco, naye anatumia kiti cha magurudumu. Alishtaki, na mwaka 2014 jaji akatoa hukumu: afisa wa FBI alikuwa amekosea kujaza fomu, akaweka alama kwenye visanduku visivyo. Karibu miaka minane ya mahakama kwa ajili ya visanduku.

Haya, la kufanya. Kwanza jina. Liandike kwenye tiketi kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi jina letu ni la mtu, la baba, la babu. Wenzetu wanataka jina la ukoo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Wakala mmoja wa tiketi Kariakoo alikuwa ananiandika Mohammed kwa m mbili katikati, na Ali anamwacha kabisa eti nafasi haitoshi. Ukimwacha Ali, nabaki na jina ambalo duniani wanalo watu wengi mno, na tarehe ya kuzaliwa pekee ndiyo inayonitofautisha nao. Kwa hiyo jina lote, kama lilivyo kwenye pasipoti. Usiogope likichapwa MOHAMEDMR, jina limeshikana na Mr. ya Bwana, hivyo ndivyo mifumo yao inavyochapa.

Pili, upo mpango wa DHS TRIP, wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani kupokea malalamiko ya wasafiri, ulioanzishwa 2007 kwa ajili ya watu kama sisi. Unaingia trip.dhs.gov, unajaza fomu, unaambatisha nakala ya pasipoti. Ni bure, na mtu akikudai hela kukujazia mkimbie. Utapewa namba ya malalamiko, kisha utasubiri, na kusubiri kwenyewe sina cha kukusimulia. Barua itakuja. Ukiisoma utakasirika, maana haisemi kama ulikuwa kwenye orodha wala kama hukuwa. Raia wa Marekani aliyezuiwa kabisa kupanda ndege anaweza kuambiwa, tangu utaratibu ulipobadilishwa 2015 baada ya kesi mahakamani. Mwanafunzi wa Unguja hataambiwa. Usiipoteze barua hiyo, kwa sababu ndani yake kuna namba ya kuandika kwenye kila tiketi, pale palipoandikwa "Redress Number". Kila tiketi, hata ya kutoka Columbus kwenda Chicago. Ukinunua kwa wakala, simama nyuma ya kiti chake mpaka uione imeingia, na hapohapo mhakikishe jina ni kama la kwenye pasipoti.

Mimi ilinisaidia. Siku boding pasi ilipotoka kwenye simu bila S hata moja, nilimtumia baba mkwe picha yake. Akajibu: "Alhamdulillahi, deni limekwisha."

Sasa kwa hilo la ndevu. Vijana, nisikilizeni vizuri. Mfumo unaolinganisha majina hauna macho, hauoni ndevu wala kanzu wala hijabu. Ukizinyoa, utapekuliwa vilevile, na kidevu kitupu. Ukiniambia unanyoa kwa sababu ya harusi, nyoa. Kwa kumpendeza mtu wa foleni, hapana! Na jina ndiyo kabisa. Ukilibadilisha, pasipoti itasema moja, viza itasema jingine, na I-20, ile fomu ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi, itasema la tatu. Hapo umetoka kwenye shida ya jina kufanana na la mwingine, umeingia kwenye shida ya jina lisilofanana na lako mwenyewe. Baba yako alikupa jina hilo mbele ya watu. Wa kubadilika ni orodha, iandikie. Iandikie kwa adabu, kwa nyaraka, na kwa jina lote kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi tumezidi kunung'unika kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini ukiuliza nani kajaza fomu, kimya.

Wanaokutania chuoni waache. Watachoka wenyewe.

Jambo la mwisho ni la mizigo, maana najua mama atakufungia vitu. Tangu 2018, kwenye ndege zinazokwenda Marekani, unga wowote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kutolewa na kuchunguzwa, na wasiporidhika unauacha hapohapo. Bizari ya pilau ni unga, na ubuyu wa kusaga ni unga. Mtu mwenye SSSS hana haja ya kuongeza kilo ya bizari kwenye maelezo yake. Iweke kwenye sanduku la kupakiza, ifunge mara mbili isije ikanukia mashati, na fomu ya TRIP uijaze kabla hujakata tiketi ya likizo.