Jibu: Theluji ya Kibo inatoka nyeupe tupu, migomba inakuwa giza

Habari mkuu. Nimekupata: unapiga picha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi ukiwa Moshi, na migomba imo kwenye picha. Ukipimia mwanga migomba, theluji inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu. Ukipimia theluji, kihamba chote (shamba la migomba) kinakuwa giza.

Kabla hujanunua chochote, angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha kwenye kamera: kushoto giza, kulia mwanga. Ikiwa imebanana ukingo wa kulia, theluji umeshaipoteza. Kila pikseli ya sensa ni kama ndoo inayokinga mwanga: ikijaa, kinachozidi hakihesabiwi, na hakuna programu ya kukirudisha. Upande wa giza una nafuu. Kitu kipo, ila ukikivuta sana kinakuja na chenga, yaani vidoadoa.

Kwa hiyo linda theluji. Weka ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 100, punguza mwanga mpaka lile onyo la kumetameta kwenye skrini, linaloonyesha sehemu zilizoungua, liishe, na upige RAW, yaani faili ghafi la sensa. JPEG, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384, ndiyo maana migomba inavutika baadaye kwenye kompyuta bila kuharibika.

Isipotosha, funga kamera kwenye tripodi upige tatu: -2 (ya giza), 0 (ya kawaida), +2 (yenye mwanga zaidi), halafu uziunganishe. Badilisha kasi ya shata tu (muda wa kupokea mwanga), namba ya f (ukubwa wa tundu la lenzi) usiiguse. Tatizo ni upepo: majani ya mgomba hayatulii, na picha zikiunganishwa yanatoka mawili mawili. Mimi siku ya upepo huwa natumia RAW moja tu.

Hukutaja kamera yako. Itaje tukuelekeze menyu. Na wahi, mawingu yakishafunga mlima huna cha kupiga.