Jibu: Onyesho la kituo cha polisi linasikika la kuigiza
Salaam ndugu. Umesema hadithi ya tamthilia yako watu wanaisifu, ila wakifika kwenye onyesho la kituo cha polisi wanacheka. Kwanza kabisa angalia ni wapi mhusika anamweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Askari wangu alikuwa anasema, "Kama unavyojua, mtuhumiwa huyu..." Nani anaongea hivyo kazini? Nilifuta.

Kisha nenda ukakae kituoni. Nilishinda asubuhi nzima kwenye benchi la kaunta na jirani aliyeibiwa simu. Hakuna aliyepaza sauti. Askari alitafuta kalamu, akaazima ya jirani, akaandika taratibu, akatoa RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), na kalamu akabaki nayo. Kalamu ile ndiyo iliyobeba onyesho langu.

David Simon, muundaji wa tamthilia ya televisheni The Wire (2002–2008), alikuwa ripota wa uhalifu Baltimore, Marekani, na mwenzake Ed Burns mpelelezi. Wahusika wao wanaongea lugha ya kazi bila kumtafsiria mtazamaji. Nawe iache RB ilivyo, usiifafanue.

Mambo ya taa na kamera waulize wengine, mimi ni wa kalamu tu.